Kantri ya zamani inarudi. Zamani ya nani?

Muulize msikilizaji wa redio mjini Eldoret au Arusha akutajie mwimbaji wa kantri ya zamani, na huenda jina la kwanza likawa Jim Reeves. Ile sauti nzito isiyo na haraka, piano ikidondosha noti moja moja, waitikiaji wakivuma kwa mbali. Kuna nyumba ambazo Krismasi haipiti bila yeye. Sasa mwambie msikilizaji huyo kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950, kule kwao Marekani, wapo wapenzi wa kantri waliomwona Jim Reeves kuwa mfano hasa wa usasa uliokuwa ukiimaliza kantri. Atadhani unamtania.

Hapo ndipo lilipo fundo la habari hii. Kwa takriban miaka 10 sasa kantri ya Marekani imekuwa ikigeuka nyuma: fidla zimerudi, gitaa la stili limerudi, waimbaji wanarekodi na bendi nzima chumbani badala ya kuimba juu ya midundo ya kompyuta. Chris Stapleton, Tyler Childers, Cody Johnson, Zach Top na wengine wengi wanatajwa kuwa wamewarudisha watu kwenye asili. Ni kweli kuna kitu kinarudi. Ila si mara ya kwanza kantri kurudi kwenye asili yake, na ukizifuatilia safari zote hizo utagundua kwamba kila kizazi kilirudi mahali tofauti. Mara nyingi mahali penyewe palikuwa pale ambapo kizazi kilichotangulia kilishutumiwa kwa kuiharibu asili.

Tuanze na mlio wenyewe, maana bila kuusikia sikioni mabishano yote haya ni kelele tu.

Mtu anaposema kantri ya asili, kwa kawaida ana vitu vichache kichwani. Fidla, ambayo ni violini ile ile, tofauti iko kwenye mkono wa mpigaji. Sauti inayopitia puani kidogo na kuvunjika makusudi katikati ya neno. Mdundo wa kuyumba ambao watu wawili wanaweza kuucheza wameshikana, wakizunguka ukumbi taratibu. Maneno yanayosimulia kisa chenye mwanzo na mwisho: mume kaachwa, mgodi umefungwa, mama kafariki. Na juu ya yote, ule mlio unaolia nyuma ya mwimbaji, ambao wengi wetu tumeusikia miaka yote bila kujua unatoka wapi.

Unatoka kwenye gitaa la stili la pedali. Gitaa hili halipakatwi. Linasimama kwa miguu yake kama meza nyembamba, nyuzi zake zikitazama juu, kwa kawaida nyuzi 10, na mpigaji anakaa nyuma yake kwenye kiti. Mkono wa kushoto haubani nyuzi kwa vidole, unatelezesha juu yake kipande cha chuma. Mkono wa kulia unadonoa. Chini kuna pedali za kukanyaga, na pembeni ya magoti kuna vyuma vya kusukuma kushoto na kulia. Mpigaji akikanyaga pedali, uzi mmoja au miwili inavutwa na kupanda sauti, huku nyingine zikibaki pale pale. Sikio linasikia noti moja ikipanda polepole ndani ya noti zilizotulia. Bud Isaacs aliupiga mlio huo kwenye wimbo wa Webb Pierce ulioshika chati mwaka 1954, na wapigaji wengine wakahangaika kuongeza pedali kwenye magitaa yao ili nao waupate.

Tazama mwaka huo: 1954. Mlio ambao leo ndio kitambulisho cha kantri ya kale una umri wa baba zetu. Gitaa lenyewe, kabla ya kufungwa pedali, lilitoka Hawaii. Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, mwishoni mwa karne ya 19, na wanamuziki wa Hawaii ndio walioupeleka bara. Banjo nayo ilivuka Atlantiki vichwani na mikononi mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Kule Senegal na Gambia, Wajola bado wanapiga akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi, na anayeziona hizo mbili pamoja hahitaji kuelezwa undugu wao. Mkusanyiko huu wa Ulaya, Afrika Magharibi na Pasifiki ndio uliokuja kuuzwa kuwa muziki wa watu weupe wa milimani.

Namna ulivyouzwa ni muhimu. Mwaka 1927 Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifika Bristol, mji unaokatwa na mpaka wa Tennessee na Virginia, akatega mitambo yake na kuwarekodi wenyeji kwa muda usiofika wiki mbili. Waliojitokeza ni pamoja na familia ya Carter na Jimmie Rodgers, na wengi huhesabu siku hizo kuwa ndipo biashara ya kantri ilipozaliwa. Kampuni za wakati huo ziliziuza santuri kwa mafungu mawili: la watu weusi na la watu weupe wa mashambani. Wapigaji wenyewe hawakuwa wametengana hivyo. A.P. Carter alizunguka vijijini kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi ambaye kazi yake ilikuwa kukariri tuni. Jimmie Rodgers alirekodi mwaka 1930 na Louis Armstrong akipuliza tarumbeta. Hank Williams alijifunza gitaa kwa Rufus Payne, mwanamuziki mweusi wa mitaani huko Alabama. Na kwenye Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza 1925 huko Nashville, mji wa Tennessee uliokuja kuwa makao ya biashara ya kantri, mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa alikuwa DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, mweusi, aliyeachishwa kazi mwaka 1941.

Santuri za Rodgers zilifika hadi kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, aliwakuta Wakipsigis wa Kapkatet, Kenya, wakiimba nyimbo za Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers lililopita kwenye ulimi wa Kikalenjin, na katika wimbo wa wasichana amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Rodgers alikuwa amefariki tangu 1933.

Fidla zilivyoondolewa

Kisa cha kurudi hakieleweki bila kisa cha kuondoka. Elvis Presley na wenzake walipolipuka mwaka 1956, vijana wa kusini mwa Marekani waliokuwa wateja wa kantri walihamia roki. Vituo vya redio vilifuata. Kufikia 1961 vituo vilivyopiga kantri kutwa nzima nchi nzima vilikuwa takriban 80 tu. Ndipo maprodyuza wawili wa Nashville, Chet Atkins wa RCA na Owen Bradley wa Decca, wakachagua njia ya kuokoa biashara: kumfuata msikilizaji wa mjini, mtu mzima, anayependa sauti laini. Fidla ikatolewa, au ikaongezwa wenzake hadi ikawa kundi la violini. Stili ikapunguzwa. Mahali pake pakaja waitikiaji wa kisomi na piano.

Jim Reeves ndiye anayelionyesha badiliko hili vizuri kuliko wote, kwa sababu alilipitia mwenyewe. Mwaka 1953 alivuma kwa wimbo wa kuchangamka akiimba kwa sauti ya juu na ya nguvu. Miaka michache baadaye akasogea karibu kabisa na maikrofoni, akashusha sauti hadi kwenye kina, akaimba kana kwamba anaongea na mtu mmoja. Wimbo wake mkubwa wa 1959 una piano, vibrafoni na waitikiaji. Fidla hakuna, stili hakuna. Ulivuka kutoka chati za kantri hadi chati za watu wote, na baadaye ukavuka bahari. Sisi tuliupokea bila kuambiwa kwamba kulikuwa na ugomvi, na kwa haki kabisa tukauita wa zamani. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa mlio huo mpya wa Nashville ni nini hasa, aliingiza mkono mfukoni akachezesha sarafu.

Nisieleweke vibaya: binafsi naona nyingi ya rekodi hizo ni kazi safi, na mwimbaji Patsy Cline akiimba juu ya violini za Bradley simbadilishi na fidla yoyote. Ila ndizo zilizozaa lalamiko ambalo halijaisha hadi leo, kwamba Nashville imewauza wenyewe ili kuwapata wageni.

Jibu la kwanza lilitoka California. Huko Bakersfield walikuwa wamehamia maelfu ya watu waliokimbia ukame wa Oklahoma na Texas miaka ya 1930, na vilabu vyao vya pombe vilitaka muziki unaosikika juu ya kelele. Buck Owens na Merle Haggard wakaupiga kwa gitaa la umeme lenye mlio mkali, stili na ngoma za nguvu. Watu wakasema hii ndiyo kantri halisi. Kumbuka ngoma hizo hizo zilikuwa mwiko Opry. Bob Wills alipoingia na mpiga ngoma wake mwaka 1944 palizuka mzozo. Kilichokuwa uharibifu 1944 kilikuwa uhalisi 1964.

Bluegrass ina kisa kama hicho. Wengi huifikiria kuwa muziki wa kale wa milima ya Appalachia, ulioshuka kutoka kwa mababu bila kuguswa. Lakini ile banjo ya kasi, inayopigwa kwa vidole vitatu, ilipata umbo lake Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa 1945. Ni muziki wa zama za redio.

Miaka ya 1970 lawama zilihamia kwa wageni. Mwaka 1974 Olivia Newton-John, mwimbaji wa pop aliyekulia Australia, alipewa tuzo ya chama cha kantri ya mwimbaji bora wa kike, na kundi la wasanii wakakutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette kuanzisha umoja wao wa kupinga. Mwaka uliofuata Charlie Rich alipanda jukwaani kutangaza msanii bora wa mwaka, akafungua bahasha, akakuta jina la John Denver, mwimbaji ambaye wengi walimhesabu kuwa wa pop, akaitia moto kwa kiberiti mbele ya kamera. Wakati huo huo Willie Nelson, aliyekuwa ameihama Nashville na kurudi Texas, alirekodi albamu yenye vyombo vichache mno hivi kwamba wakubwa wa kampuni yake walidhani ni rekodi ya majaribio. Iliuza sana. Somo ambalo kampuni zilijifunza ni kwamba hata kuikataa Nashville ni bidhaa inayoweza kuuzwa na Nashville.

Muongo uliofuata ulileta ufufuo mkubwa kuliko wote wa kabla yake. George Strait alitoa albamu ya kwanza 1981. Randy Travis, ambaye kampuni zilimkataa kwa hoja kwamba amezidi ukantri, alikuwa akipika na kuosha vyombo kwenye ukumbi mmoja wa Nashville na kuimba hapo hapo, hadi albamu yake ya 1986 ikauza mamilioni. Mwaka huo huo akatokea Dwight Yoakam, aliyemfuata Buck Owens ofisini kwake na kumrudisha jukwaani; mwaka 1988 wawili hao walishika namba moja pamoja. Keith Whitley, aliyetokea kwenye bluegrass, aliimba kwa huzuni ambayo sijaisikia kwa mwingine, akafa 1989 akiwa hajafika miaka 35.

Redio, kisha simu

Kwa nini basi ufufuo hauishi? Mbona mlio ukirudi haukai? Wapenzi wengi wa kantri watakuambia ni tamaa ya maprodyuza. Mimi naona redio ina mkono mkubwa zaidi.

Kantri, kuliko muziki mwingine wowote wa Marekani, iliitegemea redio. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchi nzima. Miaka michache baadaye kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200. Orodha ya nyimbo haikupangwa tena na mtangazaji wa mji mdogo anayejua wasikilizaji wake wanapenda fidla. Ilipangwa makao makuu, kwa kupima ni wimbo gani hautamfanya dereva abadilishe stesheni. Kipimo hicho hakitafuti wimbo unaopendwa sana. Kinatafuta usiomkera mtu. Mlio wa puani humkera mtu. Stili humkera mtu.

Mwaka 2000 George Strait na Alan Jackson waliimba pamoja wimbo unaodai kwamba kantri imeuawa kwenye mtaa wenyewe wa kampuni za Nashville. Wakapewa tuzo na chama cha watu wale wale waliokuwa wakishtakiwa. Muda si mrefu baadaye, albamu ya nyimbo za filamu moja ya ndugu Coen, iliyojaa banjo, nyimbo za kanisani na sauti ya mzee Ralph Stanley bila chombo, iliuza mamilioni pasipo msaada wa maana wa redio na kutwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka 2002. Wasikilizaji walikuwepo. Njia ya kuwafikia ndiyo iliyokuwa imezibwa.

Miaka ya 2010 mwanzoni redio ilishikwa na nyimbo za vijana wa kiume kuhusu magari ya pikapu, bia na wasichana, zikiimbwa nusu na kughanwa nusu juu ya midundo ya hip hop. Sina haja ya kuzirefusha, zinafanana. Usiku mmoja wa Novemba 2015, kwenye tuzo za chama cha kantri, Chris Stapleton, mwandishi aliyewatungia wengine vibao kwa zaidi ya miaka 10, aliimba na Justin Timberlake na kuondoka na tuzo tatu. Albamu yake ilikuwa imeshatoka kwenye chati. Wiki iliyofuata ikashika namba moja nchini. Hapo ndipo wengi huanza kuhesabu ufufuo wa sasa, ingawa Stapleton ana soul, ule muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi ya kanisani, nyingi kuliko fidla. Wimbo wake unaopendwa zaidi ulivuma kwa George Jones mwaka 1983 kwa mwendo wa kantri. Yeye aliupiga kwa mwendo wa soul.

Kilichoufanya ufufuo huu ukae muda mrefu kuliko ule wa 2000 ni simu. Mtu wa kijijini Kentucky haombi tena ruhusa ya mpanga vipindi. Tyler Childers alijijenga kwa maonyesho na mtandao. Zach Bryan alianza kwa video za simu akiwa bado mwanajeshi wa majini. Agosti 2023 Oliver Anthony, ambaye hakuna aliyemjua, aliingia moja kwa moja namba moja kwenye chati kuu ya Marekani kwa video ya mtu mmoja, gitaa moja na msitu nyuma yake.

Zach Top, aliyezaliwa 1997, ni mfano mzuri wa zamani inayorudi sasa. Albamu yake ya 2024 ina stili na fidla mbele kabisa, na ukiisikia bila kuambiwa ungeapa ni ya 1991. Haiigizi kwa kubahatisha: prodyuza wake, Carson Chamberlain, aliwahi kuwa mpiga stili na kiongozi wa bendi ya Keith Whitley. Mlio umepita mkono kwa mkono. Lakini asili yenyewe hapa ni miaka ya mwanzo ya 1990, miaka ambayo wazee wa wakati ule waliilaumu kwa kofia kubwa na maonyesho ya kuruka kwa kamba ya mwimbaji Garth Brooks.

Kuna kundi jingine linalorudi nyuma zaidi ya hapo, na kwangu ndilo linalofanya kazi ngumu. Mwaka 2005 wapigaji weusi wa banjo walikutana Boone, North Carolina, na kutokana na mkutano huo likazaliwa kundi la Carolina Chocolate Drops. Vijana hao walikwenda kukaa na Joe Thompson, mzee mweusi mpiga fidla wa jimbo hilo aliyekuwa na miaka zaidi ya 80, wakajifunza tuni zake kwa kukaa mbele yake na kumfuata. Rhiannon Giddens alitoka humo. Banjo inayofungua wimbo wa kantri wa Beyoncé wa 2024, ule uliofika namba moja, ni yake. Kwenye albamu hiyo hiyo inasikika sauti ya Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba Opry peke yake, mwaka 1969, ambaye biashara ilimsahau muda mfupi baadaye. Childers naye, mwaka 2020, alitoa albamu ya fidla tupu na kuimalizia kwa wimbo mmoja tu wenye maneno, akiwaomba wasikilizaji wake weupe wa vijijini wajiweke mahali pa weusi wanaouawa na polisi. Wapo waliochukia. Walitaka fidla peke yake.

Februari 2025 Beyoncé alichukua Grammy ya albamu bora ya kantri. Miezi minne baadaye waandaaji wakatangaza kwamba tuzo hiyo itagawanywa mara mbili, ya kisasa na ya asili. Wengine walinung'unika kwamba mstari umechorwa baada ya mwanamke mweusi kushinda. Waandaaji walieleza tu kwamba wanapanua nafasi. Maelezo ya tuzo ya asili yanataja vyombo vyake: gitaa la kawaida, stili, fidla, banjo, mandolini, piano, gitaa la umeme, na ngoma zinazopigwa na mtu. Ndiyo, ngoma. Katika walioteuliwa mara ya kwanza kwenye kundi hilo walikuwemo Zach Top na Willie Nelson, aliyekuwa na miaka 92, yule yule ambaye mwaka 1975 wakubwa wake waliisikiliza albamu yake wakauliza lini ataimaliza.